Injini Iliyopakwa Grisi

Bibi yangu alifariki Ilagala mwaka 2022, wiki tatu baada ya kunisimulia alivyojifunza kukamua mawese. Nilimrekodi uani zaidi ya saa nzima, mbuzi wakilia nyuma. Sauti nikaiingiza kwenye Audacity niisafishe, halafu nikaifuta kwenye kinasa sauti ili nipate nafasi. Ndiyo, najua. Mwandishi wa habari mzima.

Kompyuta yangu ilikuwa na Ubuntu 20.04. Audacity inayokuja nayo ni toleo la 2.3.3, ila mimi nilishaweka la 3 kutoka chanzo cha pembeni. Kabla ya msiba, fundi mmoja alinisaidia tatizo la masasisho. Kwenye /etc/apt/preferences.d akaacha faili dogo linalovipa vyanzo rasmi kipaumbele cha 1001. Nia yake ilikuwa njema. Lakini kwa kawaida apt hairudishi programu nyuma: vyanzo vingi vina 500, na vikilingana, toleo jipya ndilo hushinda. Ukivuka 1000 unaiambia: weka hili, hata kama ni la zamani.

Usiku wa kuamkia arobaini nikaendesha full-upgrade. Skrini ilionya kabisa, kwa herufi kubwa: DOWNGRADED. Nilikuwa na usingizi. Nikabonyeza Y.

Asubuhi mama mdogo akaja na stuli yake. "Mwanangu, tuwekee basi tumsikie mama." Faili langu lilikuwa .aup3, muundo ulioanza na Audacity 3.0 mwaka 2021. Toleo la 2.3.3 haliujui. Nikamdanganya kwamba chaji imeisha, nikatoka kwenda kukaa karibu na mto.

Pale Malagarasi inapoingia ziwani, Julai 1916, Wajerumani waliizamisha meli yao, Graf von Goetzen, isichukuliwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Walizamisha huku wakifikiria siku ya kuibua. Mimi nilizamisha nikisinzia.

Kilichoniokoa ni kwamba toleo la zamani, kwa kuwa halikuweza kulisoma faili, halikuligusa pia. Nikalinakili kwenye flashi mbili. Nikafuta kile kifaili cha fundi, nikaendesha apt update, nikaangalia kwa apt-cache policy toleo gani linapendekezwa sasa, kisha nikanunua bando na kushusha tena toleo la 3. Mwisho nikaandika: sudo apt-mark hold audacity. Tangu hapo programu ile haipandi wala haishuki bila ruhusa yangu.

Hold ina gharama yake, maana huzuia pia marekebisho ya usalama. Kwa hiyo mara kwa mara naiachia kwa unhold, najaribu kwanza kwa apt -s full-upgrade, ambayo huonyesha kitakachotokea bila kugusa kitu, nasoma mstari kwa mstari, halafu ndiyo naamua. Na sauti ya asili sifuti tena.

Jioni nikamwita mama mdogo. Nikabonyeza. Mbuzi wakalia kwanza, kisha bibi: "Washa basi hicho kidude, au umekuja kunitazama tu?"

Mama mdogo akacheka hadi akashika ukuta. Halafu akasema, "Rudisha mwanzo."