Edma Ukingoni mwa Bandari

Picha yenyewe ni ndogo. Nilitarajia kitu cha kujaza ukuta, kumbe upana wake ni sentimita 73 tu. Ipo Washington, National Gallery of Art, ambako kiingilio ni bure, ndiyo maana mwanafunzi kama mimi nimeweza kurudi mara tatu.

Berthe Morisot aliichora mwaka 1869 huko Lorient, mji wa bandari magharibi mwa Ufaransa. Kushoto kuna maji yaliyotulia, mashua na nyumba za ng'ambo. Ukiyasogelea, maji yanageuka mabaka ya rangi yaliyopakwa harakaharaka. Ukirudi nyuma hatua mbili, ni maji tena. Miaka mitano baadaye, katika maonyesho ya kwanza ya waimpreshonisti, Berthe alikuwemo. Kulia, juu ya ukuta wa mawe, ameketi mwanamke mwenye gauni jeupe na mwavuli wa jua. Hakuna kinachotokea. Ni siku ya kawaida tu, ya mtu kukaa bandarini akipunga upepo. Sisi tuliokulia Tanga tunaijua siku hiyo.

Ila mwanamke huyo ni Edma, dada yake Berthe. Walijifunza kuchora pamoja, Corot akawafundisha wote wawili, na mwaka 1864 kazi zao zikapokelewa katika maonyesho makubwa ya Paris. Edma aliwahi kumchora Berthe akiwa kazini, brashi mkononi. Mapema mwaka 1869 akaolewa na ofisa wa jeshi la majini, akahamia Lorient, akaacha kuchora. Kiangazi hichohicho mdogo wake akaja kumtembelea, na rangi zake. Hata picha yenyewe Edma hakubaki nayo: Manet aliisifu, Berthe akampa.

Nyumbani kwetu mchoraji alikuwa dada yangu. Alichora ngalawa kwa penseli nyuma ya madaftari ya hesabu, nami nikamwiga. Alipoolewa na kuhamia Mwanza aliniita chumbani, akanipa brashi zake tatu na rangi za maji. "Chukua, mdogo wangu. Mimi muda nitautoa wapi?" Nilizipokea mbio, nisije nikasikia amebadili mawazo. Sikumwuliza kitu. Brashi hizo ndizo zilizonifikisha huku.

Mara ya tatu nilimpiga picha Edma kwa simu nikamtumia dada, bila maelezo.

"Huyu mbona uso haujamaliziwa?" akajibu.

Kweli, ni mipako michache tu. Nikamwandikia: "Dada, ungekuwa wewe ungeumaliziaje?"

Akasoma, akanyamaza. Nikadhani nimemuudhi, au mtoto ameamka. Nilikuwa tayari kwenye basi ujumbe ulipoingia. Kwao ilikuwa saa saba usiku.

"Mkono wa mwavuli nao kauharakisha. Lakini maji ameyapatia."