Meza Iliyovuka Mpaka Keroka

Mji wa Keroka una kituko chake. Ukiteremka kwenye matatu itokayo Kisii kwenda Sotik, huenda mguu mmoja ukawa katika kaunti ya Kisii na mwingine Nyamira, kwa maana mpaka umepita katikati ya mji, na kaunti hizo mbili zimezozana miaka mingi juu ya nani atoze ushuru.

Lakini msomaji, safari hii sikufuata ushuru wala ndizi. Nilifuata meza ya mchezo wa puli.

Iko nyuma ya vibanda vya ndizi, upande wa Kisii, chini ya paa la mabati. Unatumbukiza sarafu, unasukuma chuma, na mipira inaporomoka kwa kishindo. Kitambaa chake cha kijani kina kiraka karibu na kona. Kando yake, kwenye sakafu ya saruji, kuna alama nne za kitu kizito kilichokaa hapo siku nyingi kikaondoka.

"Bwakire," nilimsalimu mwenye meza, mama wa makamo aliyejifunga leso kiunoni.

"Bwakire buya, mwanangu. Umekuja kucheza ama kuuliza?"

Najua wazazi wengi hamuupendi mchezo huu. Mnauona ni wa wavivu na walevi, na sikatai kwamba baadhi ya mabanda ndivyo yalivyo. Mama huyu huwafukuza wenye sare za shule kwa ufagio; nilishuhudia kwa macho yangu. Meza zake zilikuwa mbili, alizonunua kwa fedha za chama cha akina mama, nazo ndizo zilizomlipia mwanawe karo.

Kisha ikaja korona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 13, 2020. Siku tisa baadaye baa zilifungwa, na Machi 27 kafyu ikaanza. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba kijiti kinachopita mikononi mwa watu ishirini kwa jioni moja ni hatari. Mama akazifunika meza turubai. Mavuno yalipofika akaanika wimbi juu yake, panya wakaja kwa wimbi wakala na kitambaa. Kiraka kile ndicho hicho.

Huko Uingereza, snuka, ndugu mkubwa wa puli, ilikuwa na bahati tofauti. Mchezo huo ulianzia Jabalpur, India, mwaka 1875, miongoni mwa maafisa wa jeshi la Waingereza. Meza yake ina urefu wa futi 12 na mipira 22. Juni 2020 ulikuwa kati ya michezo ya kwanza kurejea nchini humo: wachezaji 64 walikusanywa Milton Keynes, wakapimwa, wakalazwa katika hoteli iliyo papo hapo uwanjani, wakacheza bila mtazamaji hata mmoja. Mwezi Agosti, mjini Sheffield, Ronnie O'Sullivan alimshinda Kyren Wilson 18-8, akatwaa ubingwa wa dunia mara ya sita na pauni 500,000.

Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kucheza, alisema aliziona mechi hizo kwenye simu. Viti vitupu vilimshangaza.

"Wale hulipwa na televisheni," mama akadakia. "Hapa asipokuja mtu, nani atatia sarafu?"

Baa zilifunguliwa mwishoni mwa Septemba 2020, na meza zikaamka. Lakini Juni 17, 2021, serikali ilitaja kaunti 13 za magharibi na eneo la ziwa zilizozidiwa na maradhi, Kisii na Nyamira zikiwemo, na kafyu ikaanza saa moja jioni. Sasa mtu wa mjini ataona saa tatu hivi si kitu. Huku, mchuma majani chai hushuka mlimani jioni, akaoga, akala, ndipo akakumbuka puli. Saa moja ndiyo saa ya kufungua, si ya kufunga!

Shule nazo zilikuwa zimefunguliwa kikamilifu Januari mwaka huo, na karo haikuuliza kama meza zimelala. Mama aliiuza meza moja. Mnunuzi alitoka ng'ambo, upande wa Nyamira, hatua chache tu. Vijana sita waliibeba na kuivusha mpaka mchana kweupe.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Mwana alimaliza shule. Meza ile ingali ng'ambo, na jioni wateja hupita mlangoni kwa mama wakienda kuichezea. Anaijua kwa mlio wake, asema. Mfuko mmoja ulikuwa na kasoro tangu zamani, mpira hukwama kidogo kabla ya kuanguka.

Nilimuuliza kama angeinunua tena. Alichukua mkebe chini ya kaunta, akautikisa nisikie sarafu, akaurudisha. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza kupiga mabati, na yule wa bodaboda, zamu yake imefika, alikuwa akipaka chaki.