Treni za Tazara machoni pa Tunduma

Reli ya Tazara ilifika Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mwezi Agosti 1973, chini ya miaka mitatu tangu ujenzi uanze mwaka 1970. Tangu Ian Smith, kiongozi wa walowezi wazungu, alipojitangazia uhuru wa Rhodesia mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kupeleka shaba yake baharini bila kupita kwa walowezi. China ikatoa mkopo usio na riba, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kati yake 975 zikiwa Tanzania. Ndiyo maana iliitwa Reli ya Uhuru.

Kwenye ramani, Tunduma ni stesheni ya kupita tu. Mpaka ndio ulioipa shughuli za kituo kikubwa. Maofisa wa uhamiaji walipanda ndani kukagua pasi, wabadilisha fedha wakazunguka mabehewa na mabunda ya shilingi na kwacha, na wachuuzi wakainua beseni za ndizi hadi madirishani. Hata saa zilibadilika. Tanzania iko mbele ya Zambia kwa saa moja, kwa hiyo treni iliyoondoka Tunduma saa nane mchana iliweza kusimama Nakonde, kilomita chache mbele upande wa Zambia, kabla ya saa nane ya huko.

Katika mazingira hayo watoto wa mji walijifunza kuzisoma treni. Walianza na sauti. Vichwa vya kwanza vilikuwa vya Kichina, aina ya DFH, ambavyo nguvu ya dizeli ilifika magurudumuni kupitia mzunguko wa mafuta. Milima kati ya Mlimba na Makambako, pamoja na mpando wa kufikia kilele cha reli karibu na Uyole, mita 1,789 juu ya bahari, vilivichosha mapema. Kuanzia miaka ya 1980 vikaingia vya U30C, vya muundo wa Kimarekani, vyenye nguvu farasi 3,000, ambavyo dizeli huzalisha umeme wa kuzungusha magurudumu. Mngurumo wake ulikuwa mzito zaidi, na aliyezoea alijua aina ya kichwa kabla hakijatokeza.

Mzigo nao ulikuwa na siri yake. Behewa la shaba lililoelekea Dar es Salaam lingeweza kudhaniwa tupu, maana shaba ni nzito na behewa hutimiza uzito wake kabla halijajaa. Asiyejua alihesabu behewa tupu; aliyejua alitazama springi zilivyokandamizwa juu ya magurudumu. Huo ni ujuzi wa kweli, ingawa hakuna shule iliyoufundisha.

Kingine kilichohitaji kueleweka ni mpishano. Tazara ina njia moja, kwa hiyo treni mbili hupishana stesheni tu. Mkuu wa stesheni haruhusu treni kuingia kipande cha reli kilicho mbele mpaka stesheni inayofuata ikubali kuipokea. Treni ya mizigo ikiingizwa njia ya pembeni na dereva akashuka kunyoosha miguu, watazamaji walijua ya abiria iko karibu. Gadi alipoinua kibendera cha kijani, kelele za jukwaani zilikwisha na kila muuzaji alikimbilia chenji yake.

Ya abiria iliyongojewa zaidi ni Mukuba, treni ya haraka. Kilimanjaro ilisimama vituo vingi zaidi, na ndiyo iliyowafaa watu wa Vwawa na Mlowo. Tangu 1993 ikaongezeka treni ya kitalii ya Rovos kutoka Cape Town, mabehewa ya kijani yaliyong'aa, ambayo watu walitoka majumbani kuitazama tu.

Kupungua kwa treni kulikuja polepole. Siasa ya kusini mwa Afrika ilipobadilika, shaba ikapata njia nyingine. Vichwa vikachakaa, vipuri vikakosekana, ratiba ikapoteza maana. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilibeba takriban tani 88,000 tu mwaka 2014/15. Mizigo ikahamia barabarani, na foleni ya malori ikawa sura ya Tunduma. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa Oktoba 2019 kilijengwa kwa ajili ya barabara hiyo. Mtoto aliyezaliwa baada ya Songwe, ulipo mji huu, kuwa mkoa mwaka 2016, anazijua namba za malori kuliko za vichwa vya treni, na hiyo ni hasara kwa mji uliokuzwa na reli.

Hata hivyo, mwaka 2025 Tanzania na Zambia ziliikabidhi kampuni ya Kichina ya CCECC uendeshaji wa Tazara kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4 unaohusisha ukarabati wa njia, vichwa vipya 32 na mabehewa 762.