Saa ya rubani na simu ya Kinshasa

Leo nitawaeleza kosa langu mwenyewe, kwa sababu linaweza kumpata yeyote kati yetu.

Mwaka ule tulipokuwa tukisoma matangazo ya familia zilizopotezana, kijana mmoja aliye Kinshasa alituma ujumbe. Alikuwa anamtafuta mama yake aliyekimbia kutoka Rutshuru. Aliandika: «Nitapiga simu ya redio kesho saa saba mchana.» Nilisoma vile vile alivyoandika.

Mama alisikia. Alitembea kwa miguu kutoka kambini, akafika kwetu saa sita na nusu. Tukampa kiti karibu na simu. Saa saba ikafika, ikapita. Alingoja dakika arobaini, akafunga kitenge chake vizuri, akaniambia: «Baba, mtoto wangu amekwisha kufa, munanificha tu.» Akaenda.

Saa nane kamili simu ikalia. Ni kijana yule. Kwake Kinshasa ilikuwa saa saba.

Sote tunajua kwamba nchi yetu ina saa mbili. Magharibi, pamoja na Kinshasa, wako saa moja mbele ya saa ya Greenwich. Huku mashariki, Goma, Bukavu, Bunia hata Lubumbashi, tuko saa mbili mbele. Nilijua tangu masomo ya sekondari, lakini siku ile sikukumbuka.

Jirani yangu, mzee aliyekuwa akipakua mizigo ya ndege hapa Goma, aliposikia habari hiyo alikuja na saa yake ya mkono. Ni ya zamani sana, jina kwenye uso limefutika. Rubani mmoja mgeni alimpa alipokuwa anarudi kwao. Ina mishale minne: wa saa, wa dakika, wa sekunde, na mmoja mrefu unaozunguka mara moja tu kwa siku nzima. Pembeni kuna pete yenye namba hadi 24, nusu nyekundu na nusu buluu, ya mchana na ya usiku.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mshale ule ulikuwa kwenye 10. Mzee akazungusha pete mpaka 9 ikafika kwenye mshale: «Hii ni Kinshasa.» Akazungusha tena, ikawa 8: «Hii ni Greenwich. Marubani wote wanaandika hii, popote walipo, ili wasigongane kwa maneno.»

Saa za namna hiyo zilienea katika miaka ya 1950, ndege zilipoanza kuvuka bahari kubwa kila siku. Kampuni ya Glycine ya Uswisi ilitoa Airman yenye uso wa saa 24. Rolex nao walitengeneza GMT-Master kwa ajili ya marubani wa Pan American. Rubani aliondoka New York asubuhi, akashuka Ulaya, na mwili wake haukujua tena ni saa ngapi. Saa moja ya mkono ilimwambia saa ya mahali alipo na saa ya kazi yake. Leo matajiri wananunua zile za zamani kwa pesa nyingi. Mzee wangu anaitumia kujua wakati wa kumpigia binti yake.

Tulirudia tangazo siku tatu, asubuhi na jioni. Siku ya nne mama alirudi. Safari hii nilimwambia kijana: «Saa nane ya Goma, yaani saa saba yako.» Simu ilipolia, mama aliishika kwa mikono miwili. Hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akauliza: «Umekula?» Mimi nikatoka nje.

Tangu siku ile, hakuna saa inayosomwa redioni kwetu bila jina la mji. Nanyi mkituma ujumbe, au mkipatana simu na ndugu aliye Kinshasa, Kampala au Ulaya, msiandike saa peke yake. Andikeni na mahali. Kampala wao wako saa moja mbele yetu, na Ulaya saa zao hubadilika mara mbili kwa mwaka.

Mzee nilimwomba aniuzie saa yake. Alicheka, akasema nijifunze kwanza kuuliza.