Karakana Mpingo Unakoota

2 Machi 2025
Bati la mwisho limepigwa leo, kabla masika hayajashika. Karakana ina vyumba viwili: kikubwa cha msumeno, randa na vumbi, kidogo cha kuunganishia magitaa. Hicho kidogo ndicho kilichokula pesa. Kina dari, plasta ndani na nje, dirisha moja, na mlango wenye mpira pembezoni. Fundi ujenzi aliniuliza nani atakaa katika chumba kisichopitisha upepo kwa joto hili la Kilwa. Nikamwambia kitakaliwa na mbao.

Ubao hunywa maji ya hewani na kuyatoa. Gitaa likiunganishwa hapa katika unyevu wa masika, kisha likapelekwa Dodoma wakati wa kiangazi, uso wake utataka kusinyaa, lakini gundi imeushika pande zote. Utapasuka. Nataka unyevu wa chumba ubaki karibu na asilimia 50. Hapo ubao hutulia ukiwa na asilimia 9 hivi ya maji. Mashine ya kukausha hewa itafanya kazi hiyo, na umeme ukikatika mlango haufunguliwi.

9 Machi
Kikao na kamati ya maliasili ya kijiji, chini ya mwembe wa ofisi. Msitu wenye mpingo ni wa kijiji, na Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo iliyofungua njia hiyo. Wilaya hii imeitumia mapema: mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC cha usimamizi mzuri wa misitu, na tangu hapo watu wa huku wanajua kuwa mti unaosimamiwa vizuri una bei yake.

Mzee mmoja wa kamati alinibana sawasawa. "Mwanangu, sisi tunauza magogo. Wewe unataka vipande. Kipande kina faida gani kwa kijiji?"

"Shikamoo tena, mzee wangu," nikasema, wakacheka. Kisha nikaweka mezani ubao wa shingo ya gitaa: urefu sentimita 50, upana 6, unene usiofika sentimita moja. Huu ndio ubao ambao vidole vinatembea juu yake. Mpingo hauchimbwi na nyuzi, haulegei kwa jasho, na ni mzito kiasi cha kuzama majini. Gogo likiondoka hapa likiwa gogo, kazi ya kupasua, kukausha, kuchonga na kupiga msasa inalipwa kwingine. Kazi hiyo ndiyo ninayoitaka ibaki hapa. Tumekubaliana: nalipa kijiji kwa ujazo kama mnunuzi yeyote, gogo linagongwa nyundo ya alama kama kawaida, na kwa kila chombo kitakachouzwa kuna fungu la mfuko wa kijiji.

21 Aprili
Mvua kutwa. Tumepasua magogo mawili madogo. Mpingo hauna shina la kujivunia: umepinda, una mifereji, na mara nyingi katikati ni uvungu. Ndiyo maana watengenezaji wa klarineti na zumari za Ulaya huridhika nao, kwa kuwa vipande vyao ni vifupi. Gitaa linadai nusu mita iliyonyooka, gitaa la besi linadai sentimita 70. Kila kipande kinachofika urefu huo nakipokea kwa heshima, maana mti huu huchukua miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kukatwa.

Ncha zote tumezipaka nta ili maji yatoke polepole kupitia ubavuni, la sivyo ncha hukauka kwanza na ufa huanzia hapo. Mbao zimepangwa kwa vijiti katikati, tarehe imeandikwa kwa chaki. Hizi hazitaguswa kwa miaka miwili. Kwa mwaka huu nitatumia mapande aliyoniuzia mchonga vinyago mmoja, yaliyokaa uvunguni mwa kitanda chake tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi.

Sheria ya chumba kikubwa nimeiandika ukutani: hakuna kupasua mpingo bila barakoa. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua.

14 Juni
Vijana wawili wa kijiji wameanza kujifunza. Leo tumegawa shingo, yaani kupanga nafasi za freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni. Njia ni hii: chukua urefu wa uzi kutoka kizingiti cha juu hadi kwenye daraja, gawa kwa 17.817, hapo ndipo freti ya kwanza. Urefu uliobaki gawa tena kwa namba ileile, upate ya pili. Endelea hivyo. Kwa gitaa la milimita 648 freti ya kwanza iko kwenye 36.4, ya kumi na mbili inaangukia 324, nusu kamili. Kwa besi ya milimita 864 ni 48.5 na 432.

Kijana mdogo, aliyeacha shule kidato cha pili, alipoona nusu imejitokeza yenyewe alichukua kikokotoo akarudia hesabu yote tangu mwanzo. Kisha akaomba afanye na ya besi. Nimempa daftari lake mwenyewe.

3 Agosti
Nimekwenda Kilwa Masoko kwa fundi wa kusuka mota za feni na pampu. Nimemwonyesha pikapu ya gitaa la umeme: sumaku sita, waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko karibu 8,000. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Alielewa kabla sijamaliza, kwani mota ni habari hiyohiyo ikigeuzwa. Ameahidi kutengeneza mashine ya kuzungushia yenye kihesabio. Nyuzi, freti na vikazio vya nyuzi bado vitatoka nje, lakini sauti yenyewe itasukwa Kilwa.

17 Septemba
Barua ya mnunuzi wa nje: anataka mbao za mpingo na mninga zilizokatwa tayari, nyingi, kwa bei nzuri. Nimelala nayo.

Tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, unaodai kibali kuivusha mpaka. Mwaka 2019 mkutano wa Geneva uliondoa ala za muziki zilizokamilika katika sharti hilo. Mninga nao uliingia orodhani Februari 2023. Maana yake ni kwamba ubao wa mpingo unavuka mpaka kwa kibali cha CITES, gitaa lililokamilika linavuka bila hicho. Vibali vya nchi viko palepale, na ni sawa viwepo. Lakini kanuni ya dunia yenyewe inampendelea anayemaliza kazi. Nimemjibu: mbao siuzi, besi ninazo njiani.

29 Novemba
Besi ya kwanza imefungwa nyuzi. Bodi ni mninga, mti usiocheza sana ukikauka, shingo mninga wa mapande matatu yaliyogundishwa, ubao wa vidole mpingo. Nyuzi nne zinaivuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 75, ndiyo sababu ya nondo ndani yake. Nimeikaza robo mzunguko, shingo imekaa.

Mpiga besi wa bendi ya dansi amekuja kutoka Lindi. Uzi mnene hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na wengi huusikia miguuni kabla ya masikio. Alipiga rumba taratibu, akaisikiliza kila freti, kisha akasema: "Kaka, hii haifi haraka. Noti inasimama." Ameinunua. Fungu la kijiji nimelipeleka jioni ileile, na mzee aliyenibana Machi ndiye aliyeandika risiti.

Mwakani: besi tatu na magitaa mawili ya solo, si zaidi, kwa kuwa mbao kavu ndizo zinazopanga idadi. Kitalu cha miche ya mpingo nyuma ya karakana, vijana wakisimamie. Na kijana wa daftari agawe shingo zote peke yake.