Shikamoo Anko, Sipandi

Uliza darasa la watoto wanaopita mia, "Mmeelewa?" Watakujibu kwa sauti moja, "Ndiyooo, mwalimu!" hata kama uliyoandika ubaoni ni upuuzi mtupu. Mimi nafundisha Hisabati darasa la nne katika shule ya serikali huku Mbagala, Dar es Salaam, na swali hilo nimeshaachana nalo. Nauliza, "Pagumu ni wapi?" Mtoto akitaja palipomshinda, wenzake hawaruhusiwi kuzomea. Atakayecheka anakuja ubaoni kuendelea pale mwenzake alipoishia. Kicheko hukatika upesi sana.

"Sijaelewa" ndiyo sentensi ya kwanza ninayomdai mtoto. Wengi wakisikia ujasiri wanafikiria ngonjera mbele ya mgeni rasmi, lakini nimewaona mafundi wa ngonjera wakishindwa kumkatalia mtu mzima jambo dogo tu. Watoto wangu si waoga. Mtoto anajua kabisa kuna ubaya unamjia, ila hana la kusema, na heshima tuliyomlea nayo imemfunga ulimi.

Kwa hiyo maneno tunayafanyia mazoezi. Tunapanga madawati yanakuwa daladala, mmoja anakuwa konda (nafasi hiyo wanaigombea kweli) na kugonga ubao: "Kariakoo, Kariakoo! Wanafunzi wawili tu!" Mkazi wa Dar hahitaji maelezo. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, mtu mzima analipa zaidi ya maradufu, ndiyo maana alfajiri wenye sare huzuiwa mlangoni. Mtoto anajifunza kusimama pesa mkononi, amtazame konda na kusema, "Anko, naomba nipande, nauli yangu hii." Akisukumwa, arudi nyuma, asome namba ya gari, aje aniambie. Kuning'inia mlangoni gari likiondoka si ujasiri, na hilo nalirudia mpaka wananichoka.

Zoezi la pili halina mzaha. Bodaboda anasimama kando ya msichana anayerudi nyumbani: "Mdogo wangu, panda nikupeleke bure." Jibu ni "Shikamoo anko, sipandi," kisha miguu inaelekea kwenye watu, kwa mama muuza vitumbua au dukani. Sababu hatoi. Kila sababu ya mtoto, mkubwa ana dawa yake: akisema mama kamkataza, ataambiwa "mama yako namfahamu", akisema kwao ni karibu, ataambiwa "basi twende mara moja." "Sipandi" haina pa kushikwa.

Baba mmoja alikuja kulalamika kwamba tunawafundisha watoto kujibizana na wakubwa. Nilimwita binti yake akaigiza pale pale ofisini. Akaamkia vizuri, akakataa vizuri. Mzee akaniuliza kama hata yeye, baba yake, anaweza kujibiwa hivyo. Nikamwambia ndiyo, kama jambo lenyewe ni baya. Hakufurahi, lakini binti hakumtoa kwenye zoezi.

Nyuma ya daftari, kila mtoto anaandika watu wazima watatu wa kuwaeleza, na chini yao 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Wengi hawana simu, hivyo wale watatu ndio wa maana zaidi. Na hapa kazi ni yetu. Mtoto akijikaza kueleza, halafu swali la kwanza likawa "wewe ulikuwa unafanya nini huko?", hatarudi tena. Nawaomba walimu wenzangu wasikilize kwanza. Wengine wananielewa. Wengine wanamsikiliza mtoto fimbo ikiwa mezani, na mimi sioni nani atapeleka siri yake kwenye meza ya namna hiyo.

Wale bodaboda nao tumewafuata. Mwenyekiti wa kijiwe cha karibu na geti amekubali kwamba wanachama wake wavae vizibao vyenye namba, na namba ni kitu ambacho darasa langu la Hisabati linajua kukikariri.