Kuteremka Korongo Jeusi Kutafuta Trauti

Magharibi ya jimbo la Colorado, huko Marekani, mto uitwao Gunnison umeikata nchi ya mawe magumu kwa kina ambacho mtu asimamaye ukingoni hakisadiki mpaka asikie sauti ya maji ikipanda kutoka chini. Mahali hapo paitwa Korongo Jeusi. Urefu wake wote wapata kilomita 77, na sehemu yake yenye kuta ndefu kuliko zote ilianza kuhifadhiwa mwaka 1933, ikapewa daraja ya Hifadhi ya Taifa mwaka 1999. Penye kina kikubwa kabisa, kutoka ukingoni mpaka majini ni mita 829. Penye wembamba, kuta mbili za mwamba zimeachana kwa mita 12 tu huko chini, na mto mzima hauna budi kupenya hapo. Jua huingia kwa muda mfupi mchana, kisha huondoka. Ndiyo sababu korongo likaitwa jeusi.

Wataalamu wa mawe wasema kwamba mwamba wa kuta hizo una umri wa miaka ipatayo milioni 1,700, na kwamba mto umechukua kadiri ya miaka milioni 2 kuuchimba. Maji hayana patasi wala nyundo. Yana mchanga, mawe madogo, mtelemko mkali na subira, na hayo yametosha.

Wenyeji wa kale wa nchi ile ni watu wa kabila la Ute, ambao walikaa juu ya kingo na hawakuwa na desturi ya kukaa ndani ya korongo. Kapteni John Gunnison, ambaye mto umepewa jina lake, alifika upande huo mwaka 1853 akitafuta njia ya reli; alipoona jinsi nchi ilivyopasuka akazunguka mbali. Mwaka 1901 watu wawili, Abraham Lincoln Fellows na William Torrence, walithubutu kupita ndani wakiwa na godoro la mpira lililojazwa upepo, wakiogelea, wakiparamia majabali, na mara nyingine wakijitupa katika maporomoko bila kujua watatokea wapi. Walikuwa wakitafuta mahali pa kutoboa mlima ili maji ya mto yafike katika bonde kavu la Uncompahgre, ambako wakulima walikuwa na ardhi nzuri wasiyoweza kuinywesha. Njia hiyo ya chini ya mlima, yenye urefu wa kilomita 9 na zaidi, ilifunguliwa na Rais Taft mwaka 1909, na mpaka leo hunywesha mashamba.

Basi, ndugu msomaji, mto huu tangu zamani umekuwa mahali pa kuuliza swali moja: Mtu achukue kiasi gani, na asimame wapi? Swali hilo nilikutana nalo kwa njia nyingine mnamo Septemba mwaka 2023, nilipoteremka humo pamoja na mwenyeji wangu, mzee mmoja wa Pemba aliyehamia Denver miaka mingi iliyopita. Yeye huenda kule kuvua trauti.

Trauti ni samaki wa maji baridi yaendayo mbio. Kwetu Afrika Mashariki si mgeni kabisa, kwani mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905, na wana wake wakatiwa katika mito ya milima ya Nyandarua, Kenya. Katika Gunnison wako wa namna mbili: trauti wa kahawia, ambaye asili yake ni Ulaya, na trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya pwani ya magharibi ya Amerika, naye ana utepe wa rangi ya waridi ubavuni. Wote wawili waliletwa na watu. Mabwawa matatu yaliyojengwa upande wa juu wa mto katika miaka ya 1960 na 1970 huufanya maji yake yawe baridi hata wakati wa kiangazi, na baridi hiyo ndiyo uhai wa samaki hawa.

Kabla ya kuteremka ni lazima kupata hati ya ruhusa kwa walinzi wa hifadhi. Haina malipo, lakini idadi ya watu wa kila siku imewekewa mpaka. Mlinzi alitutazama viatu, akatuuliza tumebeba maji kiasi gani, akatuambia tusiteremke chini ya wachache wa lita nne kwa kila mtu. Kisha akatuonya habari ya mmea wenye majani matatu matatu uotao kando ya mto: umgusapo mtu ngozini hutoka malengelenge na mwasho wa siku nyingi.

Tulianza saa tatu asubuhi. Njia tuliyoishika huteremka mita 549 katika mwendo wa kilomita 1.6 tu, nayo si njia iliyotengenezwa, bali ni mfereji wa mawe yaliyolegea kati ya magenge. Mwanzo kuna mireteni na misonobari mifupi, na mtu aweza kushika matawi. Baadaye kuna mahali pakali ambapo mnyororo wa chuma wenye urefu wa mita 24 umefungwa ili watu waushike. Hapo yule mzee alinizuia kwa mkono.

"Mwanangu," akasema, "ngoja nifike mwisho wa mnyororo, nikae pembeni chini ya jabali, ndipo ushuke. Jiwe halina macho. Wewe ukilisukuma kwa mguu, litanipata mimi kichwani."

Nikangoja. Akaniita, nikashuka kinyumenyume, uso ukielekea mwamba, mnyororo ukiwa baridi mikononi. Niliona ya kwamba katika njia kama ile, adabu ya mtu kwa mwenziwe ni kinga ya roho zao wote wawili. Asiyeweza kungoja zamu yake asiende. Baada ya saa moja na nusu magoti yetu yalikuwa yakitetemeka, na mto ulikuwa mbele yetu, wa rangi ya kijani, ukipiga kelele hata tukasemezana kwa sauti kubwa.

Uvuvi wa huko si kama wa pwani yetu. Pemba mvuvi hutia chambo katika ndoana, hufunga risasi au jiwe, na uzito huo huupeleka mshipi chini. Huku ndoana imefungwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mdudu wa mtoni. Ni nyepesi kama unyoya, haiwezi kutupwa. Uzito umo ndani ya mshipi wenyewe, ambao ni mnene. Mvuvi huurusha nyuma kwa ufito mrefu, husubiri kitambo unyooke hewani, kisha huurusha mbele, na mdudu wa bandia hufuata na kutua juu ya maji. Akiharakisha kabla haujanyooka, wote humwangukia miguuni. Tena hana budi kumwendea samaki kwa nyuma, kwa maana trauti huelekeza kichwa kule maji yatokako, akingojea chakula kiletwacho na mkondo.

Mzee alipata trauti wa kahawia mmoja, akamwua mara moja kwa pigo moja la jiwe dogo, akamfunga katika kitambaa kilicholowa. Wa pili alikuwa wa upinde wa mvua, mkubwa kuliko yule wa kwanza, mwenye kung'aa. Kwa kanuni ya mto huo siku tulipokwenda, wa kahawia mtu aliruhusiwa kuchukua wanne, bali wa upinde wa mvua sharti arudishwe majini papo hapo. Mzee alilowesha mikono, akamshika samaki bila kumtoa majini, akaichomoa ndoana, ambayo alikuwa amelibana jino lake kwa koleo mpaka likalala, akamwelekeza kichwa kwenye mkondo. Samaki alitulia kidogo, akapiga mkia, akatoweka.

Nikamwuliza, "Mzee, huyu ameumia bure. Je, si mchezo huu?" Kwa maana dini yetu hairuhusu kiumbe chenye roho kufanywa kitu cha kuchezea, na jambo hilo lilikuwa likinikera tangu tulipotoka juu.

Akanijibu, "Mimi nimekuja kutafuta kitoweo. Huyu sikumkusudia, na sheria haikunipa. Deni langu kwake ni kumrudisha mzima. Lakini nikisha kupata kitoweo changu, kisha nikaendelea kuwavuta na kuwaachia mpaka jioni, hapo utakuwa na haki ya kuniuliza."

Sheria ile ina sababu. Katika miaka ya 1990 ugonjwa uliotoka Ulaya ulienea katika mito ya Colorado. Ni kijidudu kikaacho kwanza ndani ya minyoo ya matopeni, kisha huwaingia samaki wachanga, kikala gegedu za vichwa na migongo yao, wakawa wanazunguka kama pia mpaka wafe. Trauti wa kahawia, kwa kuwa wametoka katika nchi ya ugonjwa huo, waliweza kuustahimili. Wale wa upinde wa mvua wa Gunnison walikaribia kwisha. Wataalamu wakatafuta mbegu ya trauti iliyofugwa Ujerumani ambayo imeuzoea ugonjwa, wakaichanganya na ya huko, wakaanza kuwarudisha mitoni. Kwa hiyo kila mmoja aachiwaye ni mbegu ya kesho.

Wako wavuvi ambao huwaachia samaki wote, wa kahawia na wengineo, na husema kwamba bila ya desturi hiyo mito mingi ingekuwa mitupu. Neno lao lina ukweli. Lakini ni kweli pia kwamba samaki ashikwaye kwa mikono mikavu, akainuliwa juu apigwe picha, au akachoshwa sana wakati maji yana joto, huenda akafa baada ya kuachiwa, wala aliyemwachia asimwone. Rehema isiyotazama mwisho wa jambo haijatimia.

Mzee alipopata wa kahawia wa pili, aliukunja ufito. Ilikuwa bado adhuhuri, na samaki walikuwa wakirukia wadudu mbele yetu. "Nyumbani tuko wanne," akasema, "na hawa wawatosha wanne." Tukatawadha kwa maji yale ya baridi kali, tukasali juu ya jiwe tambarare, kisha tukaanza kupanda. Kuni haziwashwi ndani ya korongo, ni marufuku. Kila alichochukua mtu hupanda nacho mgongoni mpaka juu. Tulipanda zaidi ya saa mbili na nusu, tukipumzika kila hatua hamsini, na kila kilo niliihisi. Nadhani ikiwa kila pato letu lingepandishwa mlima namna ile, wengi tungejua haraka neno "yatosha".

Watu wa nchi ile nao wamelazimika kulijua kwa upande wa maji. Wakulima wayahitaji, watoao umeme mabwawani wayahitaji, na mto nao wahitaji mafuriko ya majira ili usafishe matope na vichaka. Walishindana kwa miaka mingi mbele ya mahakama, na mwaka 2008 likathibitishwa patano la kwamba hifadhi nayo ina haki yake ya maji, inayohesabiwa tangu 1933. Mto ukawa miongoni mwa wenye kudai fungu.

Julai mwaka 2025 moto uliowashwa na radi uliunguza sehemu kubwa ya miti ya ukingo wa kusini. Kwa hiyo atakaye kwenda na awaulize kwanza walinzi ni njia zipi zilizo wazi. Na enyi vijana mpendao safari, nendeni milimani na mitoni, karibu au mbali. Safari huufungua moyo. Lakini kabla ya kuteremka popote, pimeni nguvu za kupandia. Na kabla ya kutia ndoana majini, hesabuni walio nyumbani, ili mjue siku hiyo mtaacha kuvua saa ngapi.